Jina la Mji katika Kinywa cha Mgeni: Uhakiki wa Matumizi na Matamshi

Utangulizi

Katika Kaunti ya Kajiado, kusini ya Nairobi, kuna jina la mahali linaloandikwa Laiser Hill. Ni jina la maneno mawili tu, lakini limebeba lugha mbili na historia ndefu. Neno la kwanza ni la Kimaasai. Ni jina la ukoo wa Ilaiser, ambao ndani yake hutoka malaiboni, yaani viongozi wa mambo ya ibada na uaguzi. Neno la pili ni la Kiingereza, na maana yake ni kilima. Katika Kimaasai, sehemu ya il- iliyo mwanzoni mwa jina la ukoo ni kiambishi cha wingi wa ngeli ya kiume. Katika Laiser kimebaki kipande chake cha l peke yake, nacho kimeganda kwenye shina kana kwamba kilizaliwa nalo. Upande wa Tanzania, hasa katika Mkoa wa Arusha, jina hilohilo likiwa la mtu huandikwa mara nyingi Laizer, kwa z, sauti ambayo haimo kabisa katika Kimaasai.

Mmaasai akilitamka jina hili hulitamka kwa toni za lugha yake. Mwingereza hulitamka kwa irabu zake zenye kuteleza. Mswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na, asipojizuia, huongeza irabu mwishoni, kwa kuwa maneno ya asili ya Kibantu hayamaliziki kwa konsonanti. Basi ni nani kati ya hao watatu aliyelitamka sawasawa?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa upana zaidi: jina la mji liingiapo katika lugha ya kigeni, hususa Kiingereza, lina haki gani, na mtumiaji wake ana wajibu gani? Mifano mingi itatolewa katika nchi ya Wamaasai, kwa sababu huko Kiingereza kiliyakuta majina ya wenyeji, kikayachukua, kisha kikayarudisha kwa wenyewe yakiwa na umbo jingine. Itaonyeshwa kwamba kosa kubwa haliko katika lafudhi, kama wengi wanavyodhani. Kosa liko katika kusahau kwamba jina lina mwenyewe.

Rai mbili zinazopingana

Kuna rai mbili zinazosikika mara kwa mara juu ya jambo hili. Rai ya kwanza inasema kwamba jina la mji halina budi kutamkwa kama wanavyolitamka wenyeji wake, na kwamba kulibadili ni kuwadharau. Rai ya pili inasema kwamba kila lugha ni nyumba yenye sheria zake; jina lililoingia humo ni mgeni aliyekubali kufuata desturi za nyumba.

Rai ya kwanza ina uzuri wake, lakini haitekelezeki. Tutazame Paris. Wafaransa hawaitamki s ya mwisho; Waingereza huitamka. Mwingereza azungumzaye Kiingereza akaanza ghafla kuiacha s hiyo katikati ya sentensi, wenzake watamwona anajigamba kwa elimu yake, wala watu wa Paris hawatamshukuru kwa lolote. Waingereza husema Florence badala ya Firenze, Cologne badala ya Köln na Vienna badala ya Wien, na hakuna ugomvi wowote uliozuka kwa ajili hiyo. Zaidi ya hayo, Kimaasai ni lugha yenye toni na yenye irabu tisa zinazotofautiana kimaana. Kumtaka kila mgeni atamke Kajiado kwa toni na irabu hizo ni kumtaka ajifunze Kimaasai kabla ya kununua tikiti ya basi.

Rai ya pili nayo ina kasoro, nayo ni kubwa zaidi. Inasahau kwamba majina hayakuingia katika nyumba zote kwa mlango mmoja. Jina la Florence liliingia katika Kiingereza kwa biashara na usomi, baina ya watu waliokuwa wakitazamana usoni. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo cha mwisho kilipewa jina la Port Florence, ingawa wenyeji walikuwa wakipaita Kisumu. Murang'a iliitwa Fort Hall, na Nyahururu ikaitwa Thomson's Falls. Hapa hakuna suala la matamshi hata kidogo, maana jina la mwenyeji halikutamkwa vibaya, halikutamkwa kabisa. Majina hayo ya kigeni yote matatu yamekwisha kuondoka, na wenyeji wamerudishiwa yao. Vivyo hivyo Kongo: mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, na Élisabethville ikawa Lubumbashi.

Kwa hiyo yafaa yatenganishwe mambo mawili ambayo rai zote mbili huyachanganya. Jambo la kwanza ni kulitamka jina la mwenyeji kwa ulimi wa mgeni. Hilo ni tabia ya lugha zote. Jambo la pili ni kulifuta jina la mwenyeji, au kulichukua umbo la mgeni na kulifanya ndilo asili. Hilo ni tendo la mamlaka.

Nairobi: jina lililoachwa na nomino yake

Hakuna mji wa Afrika Mashariki ambao jina lake limetembea katika Kiingereza kuliko Nairobi, na hakuna unaofaa zaidi kwa uhakiki huu. Asili yake ni maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji yaliyo baridi. Enkare ni maji, nomino ya ngeli ya kike. Nairobi si nomino. Ni kitenzi chenye maana ya kuwa baridi, kilichotanguliwa na kiambishi na- kinachorejesha kwenye nomino ya kike. Kwa hiyo neno hilo peke yake lina maana ya "-lio baridi", likimngojea mwenziwe wa kulitangulia. Watu wa reli walipoweka kambi hapo mwaka 1899, lililoshika katika maandishi yao ni neno la pili tu. Maji yaliachwa nje. Baridi ikawa jiji.

Jambo hili halikutokea mara moja. Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya, ni neno la namna hiyohiyo, maana yake "-lio mekundu", nalo limeachwa na maji yake. Narok, mji wa Wamaasai upande wa magharibi, ni "-lio meusi". Lakini ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, utakuta katika Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, mahali paitwapo Ngarenairobi, na katika nchi ya Wameru, karibu na Arusha, pako Ngarenanyuki. Huko maji yamebaki katika jina, ingawa irabu ya mwanzo imedondoka na k imekuwa g. Jina ni lilelile na lugha ya asili ni ileile. Lililotofautiana ni mkono uliolipokea na kuliandika.

Sasa na tutazame matamshi. Mwingereza atamkapo Nairobi huziunganisha a na i zikawa sauti moja, na o huivuta hata ikamalizikia karibu na u. Mswahili huzitamka irabu zote nne moja moja, kila moja kwa usafi wake. Kuhusu b, Mswahili yuko karibu zaidi na Mmaasai: katika lugha hizo mbili sauti hiyo, kwa asili, hutolewa kwa kuvuta pumzi kidogo ndani, hali Kiingereza huitoa kwa kusukuma pumzi nje. Hata hivyo, ni vigumu kusema kwamba Mwingereza amelidhuru jina kwa irabu zake. Dhara ilikwisha kutendeka alipolichukua nusu. Mswahili alitamkaye kwa usafi wote naye huitamka nusu ileile, wala hajui kwamba imepungua. Hapo ndipo uhakiki wa lafudhi peke yake unapoonekana kuwa uhakiki wa juujuu.

Irabu moja ya Kenya

Itasemwa kwamba Kiingereza, kikiisha kulichukua jina, hakilirudishi. Mfano wa jina la nchi yenyewe unaonyesha kinyume chake. Mmisionari Krapf aliuona mlima mnamo Desemba 1849 akiwa katika nchi ya Wakamba, na katika maandishi yake akauita Kenia. Koloni lilipopewa jina hilo mwaka 1920, Waingereza walizoea kulitamka kwa irabu ndefu ya i, "Kiinya". Baada ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, wenyewe waliitaka e, na Kiingereza kikafuata: katika redio na mikutanoni, "Kiinya" ikawa dalili ya mtu ambaye saa yake imesimama. Tahajia haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni sauti, na sauti ilibadilika kwa sababu mwenye jina alisema anavyotaka kuitwa, naye sasa alikuwa na dola ya kusikilizwa.

Mambo kama hayo yametokea kwingineko. China ilianza mwaka 1979 kutumia tahajia yake ya Kilatini katika machapisho yake ya lugha za kigeni, na Peking ya Kiingereza ikageuka polepole kuwa Beijing. Bombay ilitangazwa kuwa Mumbai mwaka 1995. Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina ya mahali huko Geneva mwaka 1967, na mkutano wa pili, uliofanyika London mwaka 1972, ulihimiza kupunguzwa kwa majina ambayo lugha za kigeni huipa miji ya wengine. Lugha kubwa zimekubali. Yafaa ikumbukwe, lakini, kwamba waliosikilizwa ni wenye serikali. Ukoo hauna ubalozi, na kijito hakina mjumbe mkutanoni.

Kiswahili nacho kimo

Mhakiki wa Kiswahili akifika hapa huona raha, kwa kuwa lawama zote zimemwangukia Mwingereza. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule. Joseph Thomson alipopita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883, wapagazi wake walikuwa watu wa pwani, na njiani alifuatana na msafara wa mfanyabiashara Mswahili, Jumba Kimameta. Misafara ya namna hiyo ilikuwa ikipita bara kabla ya Waingereza. Majina mengi ya bara yalifika katika masikio ya Waingereza yakiwa yamekwisha kupita katika vinywa vya watu wa pwani, na kinywa hicho nacho kilikuwa na desturi zake.

Kajiado ni mfano mzuri. Asili yake ni Olkejuado, yaani mto mrefu: ol-keju ni mto, na ado ni -refu. Baraza la wilaya lililihifadhi umbo hilo kwa miaka mingi, likaitwa Olkejuado, hali mji wenyewe uliitwa Kajiado. Wilaya moja ilikuwa na jina lile lile kwa maumbo mawili, moja katika mhuri wa baraza na jingine katika kituo cha reli. Ukilitazama umbo la Kajiado utaona limekatwa kichwa cha ol- na kupangwa katika silabi nne zilizo wazi, kila moja ikiishia kwa irabu. Huo ndio mpango anaoupenda Mswahili. Naivasha nayo, ambayo Wamaasai huiita Enaiposha, imepata v ambayo Kimaasai hakina. Kwa hiyo Kiswahili hakiwezi kusimama mahakamani kama shahidi asiye na doa. Kilikuwa mkalimani, na mkalimani huacha alama ya ulimi wake katika kila anachokipokea na kukitoa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Kiswahili kililifanya vizuri, nalo linastahili kutajwa. Ibn Battuta alipofika pwani mwaka 1331 aliandika Manbasa. Wareno wakaandika Mombaça. Waingereza wakaandika Mombasa. Wenyeji walikuwa na jina lao, Mvita. Mji ukaitwa Mombasa duniani kote, lakini lahaja yake ikabaki Kimvita. Lamu kwa wenyewe ni Amu, na lahaja yake ni Kiamu. Zanzibar ina Kiunguja, ambacho ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu kabla ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Hakuna mwanachuoni wa lahaja anayesema Kimombasa wala Kilamu. Jina la mji likageuzwa na wageni, lakini lugha ya watu wake ikaendelea kubeba jina la wenyewe. Huu ni ushahidi kwamba majina mawili yanaweza kukaa pamoja bila moja kumla mwenziwe.

Dirisha la Kiingereza

Linalosikitisha zaidi katika matumizi ya siku hizi ni jingine. Mswahili huitazama miji ya jirani zake kupitia dirisha la Kiingereza, hata pale alipokuwa na mlango wake mwenyewe. Kiswahili kina Maskati na Makka, majina yaliyokuja kwa majahazi na kwa hija, moja kwa moja kutoka vinywani mwa Waarabu. Bado hukutwa katika maandishi ya Kiswahili Muscat na Mecca, na wasomaji wa habari huzitamka kwa lafudhi ya Kiingereza, kana kwamba Kiingereza ndicho kilichojenga Kaaba. Serikali ya Saudia ilipowataka watumiaji wa Kiingereza katika miaka ya 1980 waandike Makkah badala ya Mecca, iliwataka wakaribie umbo ambalo Kiswahili kilikuwa nalo kwa karne nyingi. Mswahili aliyeiacha Makka akaishika Mecca aliacha lililo karibu na asili akalifuata lililo mbali, kisha akaamini kwamba amesoma. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Roma ni mfano mwingine. Wakristo wa Kiswahili wana majina mawili ya mji huo: Roma, kama wanavyosema Waitalia wenyewe, na Rumi, lililopita katika Kiarabu na kukaa katika tafsiri ya Biblia. Yote mawili ni majina halali ya Kiswahili, kila moja lina historia yake. Halali haitakuwa "Rome" ya silabi moja, ambayo haina sababu ya kuwamo katika sentensi ya Kiswahili ila haya ya mtu kusikika Mswahili.

Haya hiyo hufundishwa. Mtoto wa shule wa Kitengela atamkaye London kwa irabu zake za Kiswahili au za Kimaasai hachafui chochote. Akichekwa darasani, anajifunza kwamba kila jina lina kinywa kimoja tu cha haki, na kwamba kinywa hicho si chake. Baadaye mtoto huyohuyo atalisikia jina la mto wa babu yake likitamkwa kwa lafudhi ya kigeni, naye ataona kwamba ndivyo linavyotakiwa litamkwe. Tena Kiingereza chenyewe si mali ya London peke yake. Kinasemwa Nairobi, Kitengela na Kajiado kila siku, na Wakenya wakisemapo kwa Kiingereza "Nairobi" kwa irabu safi, hiyo ni Kiingereza cha watu wenye mji. Akisahihishwa Mkenya hapo, anayesahihishwa ni mwenyeji, na mwalimu ni mgeni.

Mwenye jina ni nani?

Hapa linazuka swali gumu. Ikiwa jina lina mwenyewe, ni nani mwenyewe wa Nairobi? Wamaasai walioyaita maji hayo baridi waliondolewa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kwa mapatano ya mwaka 1904, na Laikipia kwa yale ya mwaka 1911. Watu walihamishwa, majina yakabaki katika ramani. Jiji la leo ni la Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wahindi, Wasomali na wengineo, na vijana wake hulikata zaidi wakasema "Nai" tu. Kudai kwamba wote hao waseme Enkare Nairobi itakuwa kichekesho. Jina ni la walioliita kwanza, na pia ni la wanaoliitikia sasa. Wa pili wana haki ya kulitumia watakavyo. Wa kwanza wana haki ya kutosahauliwa.

Katika Kitengela na pande zake haki hiyo ya kwanza imo hatarini leo. Ardhi iliyokuwa malisho ya pamoja chini ya Sheria ya mwaka 1968 ilianza kugawanywa katika miaka ya 1980, ikauzwa vipande kwa vipande, na mji ukapanuka. Kila mtaa mpya hutaka jina. Majina ya Kimaasai kama Noonkopir yangaliko, lakini kando yake yamesimama majina kama Milimani na Acacia, ambayo yangeweza kuwa ya mtaa wowote wa mji wowote. Mwaka 1899 mgeni alilichukua jina nusu. Leo hulichukui hata nusu, kwa kuwa huyaita mahali kwa jina alilokuja nalo. Kwa kulinganisha, Laiser Hill ni jina la heri. Hata kama nusu yake ni Kiingereza, ukoo umo ndani yake, na mwenye kutaka kuuliza maana anaweza kuuliza.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kulitamka jina la mji wa kigeni kwa sauti za lugha unayoisema si kosa, iwe ni Mwingereza na Nairobi au Mswahili na London. Makosa ni matatu: kulifuta jina la mwenyeji, kulikataa badiliko ambalo mwenyeji amelitaka, na kuliacha jina la lugha yako ukaazima la lugha ya tatu kwa haya tu. Kosa la kwanza lilikuwa la wakoloni, la pili laweza kuwa la lugha yoyote, na la tatu ni letu wenyewe.

Basi inafaa waandishi wa kamusi na wa vitabu vya jiografia waandike Makka na Maskati bila kusitasita. Inafaa pia wapimaji wa viwanja katika Kajiado, kabla ya kuandika jina katika ramani, wamuulize mzee wa mahali pale paliitwaje, kisha waliandike jina zima, pamoja na kiambishi chake. Mgeni atalitamka kwa ulimi wake, na si neno. Lakini akiuliza maji yako wapi katika Nairobi, pawepo mtu wa kumjibu.